Mlango Wangu Una Saa Zake

Naandika ushuhuda huu kwa ajili ya mtu anayewapenda watu wake kwa moyo wote, lakini akikaa nao kutwa nzima hurudi chumbani hana nguvu hata ya kuvua viatu. Wenzake wakitoka harusini huwa wamechangamka. Yeye kichwa kinamgonga. Akialikwa tena hukubali kwa mdomo huku tumbo likimkaza, na usiku hujiuliza kama ana roho mbaya. Niliishi hivyo miaka mingi, na leo siishi hivyo. Nataka nieleze kilichobadilika: nilisema nini, nilimwambia nani, na nilijibiwaje.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha Historia na Kiswahili. Nilizaliwa Pangani, nikaolewa Tanga mjini, na tunaishi Ngamiani, katika zile barabara zinazoitwa kwa namba. Nyumba yetu ni ya Kiswahili kama nyingi za mtaani: ukumbi unapita katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba viko kushoto na kulia, uani kuna jiko, bafu, choo na bomba la maji, na mbele kuna baraza. Vyumba viwili ni vyetu. Vingine wanakaa wapangaji wenzetu. Katika nyumba ya namna hii mtu hakosi msaada. Mtoto akishikwa na homa usiku, kabla hujamaliza kuita, wanawake wamekwisha fika na kanga zao begani. Chumvi ikikuishia unanyoosha mkono tu. Nayapenda maisha haya, na sitayabadilisha kwa nyumba yenye geti ambayo jirani hajui kama umeamka.

Pamoja na hayo, mimi ni mkimya kwa maumbile. Vijana wa siku hizi watu kama sisi hutuita maintrovati. Nilipokuwa mdogo niliweza kukaa ukingoni mwa mto Pangani nikatazama pantoni ikivuka kwenda Bweni na kurudi, kisha nikaenda nyumbani nimefurahi kama mtoto aliyetoka sikukuu. Nikiwa na mtu mmoja nazungumza mpaka usiku mkubwa. Tukiwa watano nasikiliza zaidi. Tukiwa thelathini, kila mmoja anasema na muziki umefunguliwa, nguvu zinaniishia hata kama kila aliyepo nampenda.

Sasa tazama siku yangu ilivyokuwa. Asubuhi naingia darasa lenye wanafunzi zaidi ya 60. Kati ya kipindi na kipindi niko ofisi ya walimu, meza zimebanana, kila mwenzangu ana habari yake. Njiani kurudi ni salamu: huyu wa shikamoo, yule wa habari za kutwa, na kila salamu ina maswali yake ya watoto, ya kazi, ya mgonjwa. Nikiingia ukumbini, wanawake wako uani wanakuna nazi, wananiita. Mume wangu ni mtu wa baraza. Bao na kahawa vinampa uhai, na jioni hurudi ndani na rafiki wa kula naye. Simu nayo haitulii: kundi la ukoo, la walimu, la kikoba, la kamati ya harusi ya binamu. Katika wote hao hakuna aliyenitendea ubaya. Ulikuwa wema juu ya wema, tangu alfajiri hadi usiku, na wote niliupokea kwa neno moja: sawa.

Mwili ukaanza kunisemea. Kichwa kiliuma kila alasiri. Usingizi ukawa wa vipande. Ikifika jioni watoto wangu wakinieleza mambo yao ya shule nilikuwa nawatazama midomo tu, maneno hayaingii. Watu wengine wote walikwisha kupata sehemu yao, na waliozaliwa na mimi wakawa wanapata kilichosalia.

Kujijua

Shuleni kwetu kuna mwalimu wa unasihi, dada mtu mzima kutoka Muheza. Wakati wa mapumziko alinikuta nimekaa peke yangu nyuma ya maktaba. Hakuniuliza nina tatizo gani. Aliniuliza, "Umeanza kupata nafuu, au nikuache kidogo?" Nilishtuka, kwa sababu katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuona kwamba pale nilikuwa najitibu. Tukazungumza siku hiyo, na siku nyingine baadaye.

Alinieleza kwamba jambo langu lina historia katika elimu ya nafsi. Mwaka 1921 daktari wa Uswisi, Carl Jung, alichapisha kitabu kikubwa kuhusu aina za haiba za watu. Humo alieleza kuwa wapo ambao nguvu ya nafsi yao huelekea ndani, kwenye fikra na hisia zao, na wapo ambao huelekea nje, kwa watu na mambo yanayowazunguka. Kila mtu ana pande zote mbili. Tofauti ni upande upi unaotawala. Baadaye, mwaka 1967, Hans Eysenck aliyekuwa akifanya kazi Uingereza alipendekeza kwamba ubongo wa mtu mkimya huwa tayari umechangamka hata akiwa ametulia, hivyo kelele, nyuso na mazungumzo machache humtosha, wakati mwenzake anahitaji zaidi ya hapo ili ajisikie yuko hai. Wataalamu wameendelea kuijadili nadharia hiyo, lakini mimi ilinisaidia kuelewa kwa nini baraza ile ile inampa mume wangu nguvu na mimi inanimaliza.

Alinitofautishia pia mambo ambayo watu huyachanganya. Mwenye woga wa watu anatamani kuingia ukumbini, ila anaogopa kutazamwa na kuhukumiwa. Mwenye sonona hata faragha haimpi nafuu. Vitu alivyovipenda havimvuti tena, usingizi na hamu ya chakula vinabadilika, na hali hiyo ikidumu wiki mbili au zaidi inafaa aonane na daktari, asiambiwe tu ajikaze. Mkimya kwa maumbile, akipata faragha yake, hurudi kwa watu na furaha yake kamili. Nilijipima kwa kipimo hicho kwa uaminifu, nikajiona niko wapi. Nawe ndugu msomaji jipime, kwa sababu dawa za hali hizi hazifanani.

Kabla hatujaachana aliniambia jambo la imani yake. Katika Injili ya Marko, sura ya kwanza, mstari wa 35, Yesu aliamka alfajiri kungali giza akaenda mahali pasipo watu kusali, na hiyo ilikuwa baada ya jioni ambayo mji mzima ulikusanyika mlangoni kuleta wagonjwa. "Kama yeye alitoka," akasema, "wewe nani anakukataza?"

Ruhusa niliyoikuta kwetu

Kujua maumbile yangu kulinituliza, lakini bado sikuwa na ujasiri wa kumwambia mtu "leo hapana". Nilidhani heshima ya kwetu inataka mlango uwe wazi saa zote. Jibu lilinijia mwezi wa Ramadhani, katika darsa la wanawake baada ya sala ya Alasiri. Ustadhi alikuwa anafasiri Sura An-Nur.

Alianza na aya ya 27 na ya 28. Mwenyezi Mungu anawaamuru waumini wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na wawatolee salamu wenyewe. Na wakiambiwa warudi, warudi, na kurudi huko ni usafi zaidi kwao. Nilisikia aya hizo tangu madrasa, lakini siku ile nilizisikia kama mwenye nyumba. Aliyerudishwa mlangoni ametendewa jambo linalokubalika, na aliyemrudisha hana dhambi. Akaendelea na aya ya 58, inayotaja nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumbani waombe ruhusa kabla ya kuingia chumbani: kabla ya sala ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo kupumzika, na baada ya sala ya Isha. Akakumbusha pia mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba mtu aombe ruhusa mara tatu, asipopewa arejee. Hodi zetu tatu za pwani ninazisikia tofauti tangu siku hiyo.

Kilichonitoa machozi kilikuwa aya ya 53 ya Sura Al-Ahzab. Wageni wa Mtume wanaambiwa wakishakula waondoke, wasibaki kuendeleza mazungumzo, kwa sababu jambo hilo lilikuwa linamuudhi naye alikuwa anaona haya kuwaambia. Nilikaa pale safu ya nyuma nikawaza: kumbe hata yeye, aliyekuwa mkarimu kuliko watu wote, aliwahi kuona uzito wa kumwambia mgeni kwamba muda umekwisha. Uzito ninaousikia mimi hauna aibu ndani yake.

Wapo wanaosema mtu anayejiwekea saa zake ameiga Uzungu. Mimi ni mwalimu wa Historia, naomba nijibu kwa historia. Nenda Lamu, mji ambao tangu mwaka 2001 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nyumba za mawe za pale zilijengwa na Waswahili wenyewe, kwa ajili ya maisha yao wenyewe. Mbele kuna daka lenye viti vya mawe, ambapo mgeni wa kupita alipokelewa na kuzungumzishwa kwa heshima zote bila kuvuka kizingiti. Ukiingia, njia inapinda ili aliyesimama mlangoni asiweze kuona ndani. Kisha kiwanda, yaani ua wa ndani, kisha misana, yaani kumbi ndefu, na mwisho kabisa ndani, chumba cha wenyewe. Wazee wale walikuwa wakarimu, na bado walijenga nyumba inayojua nani anafika wapi. Ukarimu na faragha vilikaa chini ya dari moja, na hatukuvitoa ng'ambo.

Nilivyoanza

Nilianza na mume wangu, kwa sababu mpaka ambao mwenzako wa ndani hauelewi hauwezi kusimama nje. Nilingoja Ijumaa baada ya chakula cha mchana, akiwa ametulia. Nikamwambia, "Mume wangu, naomba unisikilize mpaka mwisho. Nikirudi kazini nikaingia chumbani, sijakununia. Kichwa kinakuwa kimejaa sauti za kutwa. Naomba uniachie mpaka adhana ya Magharibi. Nikitoka hapo ni wako na wa wageni wako."

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ndiyo hivyo! Miaka yote nikiona umefunga mlango najiuliza nimekukosea nini."

Maneno yake yalinifundisha kuliko kitabu. Ukimya usioelezwa kila mtu huujaza kwa hofu yake: mume anadhani umenuna, jirani anadhani unaringa, wifi anadhani hutaki ndugu zake. Ukiueleza kwa upole, unawapunguzia mzigo wa kukisia. Tukakubaliana akiwa na mgeni wa jioni ataniarifu mapema. Nami nikajipangia jinsi ya kukaa na mgeni: nampokea mwenyewe, namwandalia, nakaa naye nimuulize hali ya kwao kwa makini, kisha naaga, "Karibu sana shemeji, nimefurahi kukuona. Naomba niwaache mzungumze." Hakuna aliyewahi kuchukia. Wengi wanakumbuka kuwa niliwauliza jambo na nikasikiliza jibu.

Kisha wapangaji wenzangu. Katika nyumba zetu kila mlango una pazia, na pazia linaweza kusema bila kumuumiza mtu. Jioni moja tukichambua mboga niliwaambia, "Jamani, mlango wangu ukiwa wazi na pazia limeteremka, piga hodi uingie, hata kama huna la kusema. Mlango wenyewe ukiwa umefungwa, nimepumzika. Ila penye shida, gonga tu, usiulize saa."

Nilitegemea watanitazama vibaya. Bibi mmoja, mpangaji wa chumba cha mwisho anayeuza vitumbua, akaweka kisu chini. "Mwanangu," akasema, "mimi naamka saa tisa usiku kupika. Mchana nataka kulala nakufa, lakini naona haya kufunga mlango, watu watasema nimewasusia." Wengine nao wakaanza kutoa yao. Mmoja ana mtoto mchanga. Mwingine anatamani kusali bila kuitwaitwa. Tangu hapo, kutoka Adhuhuri mpaka Alasiri nyumba yetu imetulia, redio ziko chini, na bibi wa vitumbua analala. Nilidhani naomba kitu cha peke yangu, kumbe nilikuwa nawasemea wengi.

Simu ilihitaji utaratibu wake. Baada ya Isha naiweka katika hali ya kutosumbuliwa, na ndugu zangu wote wanajua: penye dharura apige mara mbili mfululizo. Simu nyingi za sasa zina mpangilio unaoruhusu mwito wa pili wa namba ile ile ulie hata zikiwa katika hali hiyo, kwa hiyo hakuna msiba utakaonipita. Ujumbe wa makundi nausoma mara moja kwa siku, na anayeniuliza jambo namjibu kikamilifu. Nimejizoesha pia sentensi moja kwa kila ombi lisilo la dharura: "Nimekusikia dada, niachie nifikirie, kesho nitakupa jibu." Mtu mkimya akibanwa papo hapo hukubali asichokiweza. Akipewa usiku mmoja, hujua kweli anachoweza kutoa.

Misiba na harusi

Haya mawili ndiyo yanayowatia hofu zaidi wakimya wenzangu, kwa hiyo niyaeleze vizuri.

Msibani nakwenda, na nakwenda mapema. Nimegundua kwamba panapofanyika kazi ya mikono mtu mkimya ana nafasi yake yenye heshima. Nachambua mchele, naosha masufuria, nahesabu sahani, nawapa maji waliolia mpaka wakachoka. Sihitaji maneno mengi, na mfiwa ananiona. Kwa msiba usio wa damu nikishamaliza namwendea mfiwa, namshika mkono na kumwambia, "Pole dada yangu. Leo sitalala, lakini kesho alfajiri niko hapa na uji wa watoto." Na alfajiri niko pale na uji. Siku za matanga zikipita na watu wakatawanyika, ndipo ninaporudi kukaa naye peke yetu. Wafiwa wengi wameniambia kwamba ujio huo wa baadaye ndio waliouhitaji zaidi, kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa walipokuwa hawajui hata wako wapi, na ikabaki tupu walipoanza kuelewa kilichotokea.

Harusini natoa mchango wangu mapema ili kamati isihangaike kunitafuta, nashona sare kama wenzangu, na naomba kazi inayonifaa. Mimi ni katibu mzuri. Naandika majina, kadi, ahadi na malipo, na hesabu zangu hazipotei. Siku ya hina nafika, nampongeza bibi harusi na mama yake, nacheza kidogo, kisha naaga ngoma ingali moto. Nawaaga wenye shughuli, kwa sababu kutoweka bila kuaga huacha maswali. Kikoba nacho kimenipa kazi ya kuandika daftari, na wenzangu husema mambo yamenyooka tangu hapo. Nimejifunza kumpa kila mtu kile ambacho mkono wangu unakiweza vizuri, na watu hupokea kwa furaha kitu kilichotolewa vizuri.

Mama mkwe

Aliyekuwa mgumu zaidi ni mama mkwe wangu. Alizoea kuja wakati wowote au kuniita wakati wowote, na aliposikia habari ya mlango na saa zake, ikanifikia kwamba amesema, "Siku hizi mkwe wangu amekuwa Mzungu, mpaka uombe miadi."

Sikumtuma mtu kumjibu. Nilikwenda kwake mwenyewe, nikampa shikamoo, nikakaa mkekani, nikamsaidia kubangua njegere alizokuwa nazo mpaka maneno yalipokuja yenyewe. Nikamwambia, "Mama, kwetu Pangani uani kulikuwa na kisima. Watu wakichota tangu alfajiri, jioni ndoo inapanda na tope. Bibi yangu alikuwa anakifunika usiku, na asubuhi kila mtu anapata maji meupe, mpaka majirani. Mimi nimeumbwa hivyo. Sitaki wewe upate tope langu. Nataka ukinikuta unikute mwenyewe."

Aliendelea kubangua. Baada ya muda akauliza, "Sasa siku yangu mimi ni ipi?"

"Jumamosi asubuhi, mama. Kila Jumamosi. Nakuja mimi, usisumbuke kupanda bajaji."

Hakuridhika siku ile ile. Kwa muda alikuwa ananipima: ananiita katikati ya wiki kuona kama nitakwenda. Palipokuwa na ugonjwa nilikwenda mbio. Pasipokuwa na ugonjwa nilimjibu kwa upole, "Mama, hilo tutaliongea Jumamosi, nimeliandika nisilisahau." Na Jumamosi nilikuwa wa kwanza kulitaja. Alipoona halisahauliki, akatulia.

Jumamosi hizo zimekuwa baraka katika maisha yangu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi kwamba mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na kwamba Tanga ndiyo iliyobeba zao hilo. Ubaoni huo ni mstari mmoja. Kwa mama mkwe wangu ni baba yake, aliyekata mkonge tangu ujana, mikono ikiwa na makovu ya miiba, akirudi jioni utomvu wa majani ukimwasha. Ni foleni ya posho, nyimbo za kambini, na lugha za watu waliotoka mbali kutafuta kazi. Hakuwahi kunieleza hayo nilipokuwa ninamwona kila siku huku nusu ya akili yangu inatafuta pa kupumzikia. Siku hizi huwaambia jirani zake, nimemsikia kwa masikio yangu, "Jumamosi msinipangie jambo, nina mkwe wangu."

Palipo na dhiki

Niseme wazi jambo moja, ili asiwepo atakayetumia maneno yangu kukwepa kutenda wema. Mpaka wangu umewekwa kwenye desturi za kila siku: maongezi, mialiko, simu, vikao. Kwenye dhiki sijaweka mpaka. Mgonjwa, mfiwa, mwenye njaa, mwanamke anayekimbia kipigo, mtoto anayelia usiku, hao mlango uliofungwa hauwazuii. Kinyume na nilivyohofia, sasa nawafikia vizuri zaidi, kwa kuwa nguvu ninayo. Zamani dhiki ikinikuta jioni nilikuwa nakwenda kwa miguu tu, roho imebaki nyuma.

Salamu nazo sijazipunguza. Mtu asidhani kujilinda ni kupita kimya mbele za watu. Salamu kamili, jicho kwa jicho, jina lake likatajwa, haichukui muda, na humwacha mtu akijua amethaminiwa. Kinachochosha ni kubaki umesimama pale mguu mmoja unataka kuondoka. Nasalimia, nauliza hali ya mgonjwa wake, nasema "tuombeane, ngoja niwahi", na naondoka kwa amani.

Kwa mwenzangu mkimya

Maumivu ya kichwa yamepungua sana. Usingizi umerudi. Jioni baada ya Magharibi watoto wangu wananieleza ya shule na ninayasikia. Juzi mdogo aliniambia, "Mama siku hizi unauliza maswali." Naomba Mungu nawe akupe siku kama hiyo, na nakuachia yale yaliyonifaa.

Anza na mtu anayekupenda zaidi, na mweleze wakati mko salama, hamjagombana. Taja kwanza unachoweza kutoa, kisha usichokiweza: "Jumamosi nitakuja" huingia moyoni kabla ya "leo siwezi", na la pili hupokelewa kwa sababu la kwanza limetangulia. Usitunge ugonjwa wala safari. Sema tu "naomba uniwie radhi, leo nahitaji kupumzika", kwa sauti ile ile unayosema karibu. Mwenzako akikuambia naye anataka kupumzika, rudi kwa moyo mweupe, usiende kumsema uani. Nawe unayeishi na mtu mkimya, mume, mke, mtoto au mpangaji, usimuulize kwa nini hasemi. Muulize saa zake, kisha uone atakavyokuja kwako mwenyewe zikifika.

Juu ya yote, ukishataja siku, itimize. Ukisema Jumamosi, nenda Jumamosi, hata mvua inyeshe. Mama mkwe wangu hakushawishiwa na Jung wala na nyumba za Lamu. Aliuheshimu mlango wangu uliofungwa kwa sababu kila niliposema utafunguliwa, aliukuta wazi na mimi nimesimama pale namngoja.